Tuta la Mgeni

Sogeeni, wenye masikio! Mmesogea? Haya, shikeni.

Bibi Kalunde alilima mpaka jembe lenyewe likamjua. Alilea watoto na wajukuu kwa viazi vitamu vya shamba lile. Siku alipofariki, jembe lake likajichimbia shambani, likaganda. Zimwi la msituni likasikia, likaja mbio.

"Shamba limekosa mwenyewe! Jua likizama jembe halijang'oka, shamba ni langu."

Mwana mkubwa wa Bibi akalivuta jembe kwa nguvu. Wapi! Mkwe wake akalibembeleza kwa machozi. Wapi! Akaja mjukuu wake, Limi, akakumbuka jinsi Bibi alivyoanza kila msimu. Akatema mate viganjani, akasema, "Jembe, twende. Tuta la kwanza ni la mgeni."

Jembe likang'oka kama unyoya! Likainua tuta, na viazi vikakomaa papo hapo. Limi akavichoma, akaligeukia zimwi. "Karibu mgeni, ule."

Zimwi likala, likalamba vidole, likamtazama sana yule binti.

"Watu waongo nyie! Nani kaniambia Bibi Kalunde amekufa?"

Likarudi zake msituni.

Mimi nimemaliza. Mwenye njaa akalime.