Fisi Juu ya Boriti ya Kinu

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na walio nyuma wasikie!
Pakawa!

Hapo kale, wanyama walikuwa na kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Punda alivuta. Maksai alivuta. Mbuzi alivuta. Fisi je? Fisi alikaa juu ya boriti, ile ile waliyoivuta wenzake, akipiga kelele: "Zungukeni! Zungukeni!" Kinu kikalia kwiii, kwiii.

Mafuta yakishatoka, hubaki mashudu, makapi matamu ya ufuta. Fisi aliyala. Wenzake waliramba kinu.

Punda alikuwa na mtoto, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mtoto alilia kutwa kucha. Punda akamwendea Fisi. "Bwana mkubwa, nipe mashudu kidogo, mwanangu ana njaa."

"Punda wee! Kichwa kisipokula, miguu itaenda wapi?"

Punda akarudi kwenye kamba yake, akavuta. Aliamini kweli kwamba kelele ndizo zinazozungusha kinu.

Siku moja Fisi akasikia harufu ya karamu ng'ambo ya mto. Akashuka, udelele unamtoka. "Nikirudi nitakuta kinu kimelala! Hamna kichwa nyie!"

Hajafika mbali, Mbuzi akaruka juu ya boriti. "Kinu sasa ni chetu sote! Zungukeni!"

"Kwani wewe nani?" akasema Maksai. Akapanda naye.

Punda akaona kazi haiendi bila kelele. Akapanda. "Zungukeni! Zungukeni!" Wote watatu. Kinu jii.

Punda akasikia tumbo la mwanawe: nguru, nguru. Akatazama chini. Kamba zimelala mchangani.

"Jamani, shukeni. Mwanangu hashibi kelele."

Wakashuka. Wakavuta. Lo! Boriti nyepesi! Kwi-kwi-kwi!

"Kumbe miaka yote tulikuwa tukimvuta yeye!" akasema Punda.

Wakakaa shauri: kila mmoja ana neno, ila asemaye awe na kamba shingoni. Hapo Mbuzi akapunguza hotuba. Mashudu wakagawana. Mtoto wa Punda akala, akabeua beu!

Fisi akarudi. "Nani msimamizi hapa?"

"Sote," akajibu Punda. "Kamba moja iko wazi, bwana mkubwa. Vaa, kisha useme."

Fisi akaitazama ile kamba. Akaitazama tena. "Leo mgongo unaniuma."

Akaenda zake, kiuno kimelala kwa kukaa sana. Hata leo hakijanyooka.

Basi jueni: avutaye kazi awe na neno katika kazi na fungu katika chakula. Na kazi ikiwa ya wote, asipande mtu boritini.

Hadithi yangu imefika mwisho wa kamba. Ukitaka izunguke tena, shika wewe, uvute.