Utepe Mwekundu wa Sadrack

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Waliosema hivyo walimaanisha kwamba binadamu ni mwepesi wa kuona dosari za wengine, ilhali zake amezikalia. Asiyeamini na aende Kapata, mtaa wa nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi nje ya Kolwezi, amuulize Florentine habari za mumewe.

Sadrack, mume huyo, alikuwa mchimbaji hodari wa shaba, tena mkarimu, ila machoni pake kila mtu alikuwa mwizi. Machimboni alifunga magunia yake kwa utepe mwekundu wa plastiki wenye gundi yasije yakachanganyika na ya wenzake. Tabia hiyo akaja nayo hadi nyumbani. Sufuria, ndoo, hata ufagio, vyote vilivaa utepe.

Jumapili hiyo majirani walijaa sebuleni. Gloire, mdogo wake Florentine, alikuwa akicheza kandanda Lubumbashi, na mechi ingeonyeshwa kwenye televisheni. Mama yao, Mama Mbayo, alikuwa ameukataa mpira huo miaka nenda miaka rudi, akisema si kazi ya mtoto wa kike. Sasa alikuwa amekuja tangu jana kutoka Mutshatsha bila kuitwa, amwone binti yake. Florentine alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Alijua pia kwamba mama yake akirudi bila kuona kitu, hatakuja tena.

Televisheni ikawaka, ikatoa stesheni ya mapishi. Sadrack akabonyeza rimoti. Wapi! Akaipigapiga kwenye goti, akabonyeza tena. Mpishi akaendelea kukaanga vitunguu vyake. Televisheni yenyewe ilikuwa ya mtumba, na vitufe vyake vya ubavuni vilikufa zamani.

“Florentine! Ulikamata telekomande na mikono ya mafuta!”

“Mi? Tangu asubui sijaikamata.”

“Basi ni mapile ya Tata Alfani. Tata, uliniuzisha bintu bya bongo!”

Alfani, jirani mwenye duka aliyemuuzia betri hizo, hakukasirika kuambiwa kauza bandia. Aliielekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza, na nukta ya mwanga ikametameta kwenye kioo cha simu. “Ona, Tata Sadrack. Telekomande iko muzuri. Televizio ndiyo haioni.”

“Basi ni batoto ba hapa ndio baliiharibu!”

Redio ya jirani ilikwisha kutangaza kwamba mpira umeanza. Mama Mbayo akajifunga kitenge chake vizuri, kama mtu anayeaga.

Kwa desturi ya ukwe, mama mkwe hasemezani na mkwewe ana kwa ana. Basi Mama Mbayo, ingawa Sadrack alikuwa mbele yake, alimgeukia binti yake.

“Florentine, umuulize bwana yako. Jana pale chini ya kioo cha televizio kulikuwa kamwangaza kadogo. Leo mi naona utepe tu.”

Macho yote yakaelekea chini ya kioo. Asubuhi, kwa kuwahofia wageni, Sadrack alikuwa ameitia alama televisheni pia, akaliziba barabara lile jicho linalopokea amri za rimoti. Aliubandua utepe upesi, akausokomeza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akabonyeza.

Uwanja ukatokea, na Gloire huyo, anatimka na mpira!

“Mutoto wangu! Kimbia!” Mama Mbayo aliruka, akapiga vigelegele. Florentine alimkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja.

Sadrack akasimama mbele ya watu, kifua mbele. “Mi nilijua tu, ni kantu kadogo.” Kisha akamtazama Alfani, akatikisa kichwa. “Ila Tata Alfani, suruali yako nyuma iko na vumbi. Upanguse, kuna bakwe hapa.”

Akageuka kwenda kuketi. Utepe ulikuwa umechomoka mfukoni, umemganda matakoni, mwekundu, unaning’inia. Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama Mbayo, kwa heshima ya ukwe, alijifunika uso kwa kitenge, lakini mabega yalimtikisika.

“Munacheka nini?” Sadrack aliuliza, akimkagua Alfani upya.

Kweli, nyani haoni kundule.