Kasiki la Bwana Amiri

Hapo zamani, zama ambazo Mreno alitia nanga popote roho yake ilipopenda, palikuwa na mji uitwao Uzinga, na mji huo ulikuwa na amiri wa jeshi, mtu wa ukoo mkubwa, jina lake Fumo Ngwali. Maisha ya Bwana Amiri yalijulikana na kila mtu, maana aliyasimulia mwenyewe, aombwe asiombwe. Alivyozaliwa, alivyopanda farasi kabla ya kujua kutembea, yote hayo yalikuwa utangulizi tu wa siku moja: siku maharamia walipoingia Uzinga, Sultani yuko safarini, askari na wanaume wote wamevuka kwenda kula harusi ng'ambo, naye Amiri akawafukuza peke yake kwa upanga wake.

Ndivyo alivyosema. Na kwa kuwa wanaume walikuwa harusini, nani angembishia? Wanawake walikuwapo, naam. Lakini nani katika mji ule aliwahi kumuuliza mpishi habari za vita? Basi Amiri akaisimulia siku ile, akaisimulia tena, hata ikawa anaiamini mwenyewe.

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, alivaa joho lile lile la vita, ambalo hakukubali lifuliwe, akapita mjini kwa baragumu. Na kila mwaka paka wa mji mzima walimfuata nyuma wakilamba pindo la joho.

"Mnaona?" husema. "Hata wanyama wanamjua simba."

Ikawa mwaka mmoja akatamani kujenga jumba la ushujaa wake, na mahali alipopataka ni uwanja wa jikoni, ambapo wajane wa Uzinga walipika, wakauza na kulala. Akaja na mafundi na kamba za kupimia. Pale uwanjani palikuwa na mwanamke hohehahe aitwaye Mize, ambaye watu walimwita punguani, kwa kuwa alilichukua kila neno kama lilivyosemwa.

"Bwana Amiri," akasema Mize, "ukijenga hapa, sisi tukalale wapi?"

"Niliuokoa mji mzima, nawe waniuliza habari za kulala?"

"Habari za kuokoa tunazijua, bwana. Tulikuwapo."

Mafundi wakaziba vinywa. Amiri akaiva uso.

"Mlikuwapo? Vyema! Ijumaa Sultani atakuja na wageni wake. Waonyesheni vita vile kama vilivyokuwa, msipunguze wala msiongeze. Na askari siwapi hata mmoja, wala upanga, wala bunduki. Mkiweza, uwanja wenu milele, naapa mbele ya mafundi hawa. Mkishindwa, jua la Jumamosi lisiwakute hapa!"

Akaenda zake akicheka, na paka nyuma yake.

Wajane wakaangua kilio. Bi Mwanaache, mkubwa wao, akamshika Mize mkono. "Mwanangu, ulimi wako umetuponza. Vita bila askari tutavionyeshaje?"

"Kwani siku ile, mama, askari walikuwapo?"

Bi Mwanaache akafuta machozi kwa upindo wa leso, akaenda kuutafuta mwiko wake mkubwa.

Basi Ijumaa ikafika. Sultani akaketi na wageni, na Amiri kando yake, ndani ya joho. Juu ya mapaa wakasimama wajane na masufuria ya uji. Chini, kichochoroni, wasichana wamejifunga ndevu za makumbi ya nazi, wakatukana kama maharamia, tena kwa raha. Ndipo Mize akatokea akibingirisha kasiki, lile dude la udongo la kuwekea samli, akalisimamisha mbele ya watu.

"Bwana Amiri, mahali pako pako tayari."

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Maulana, tumeamriwa tusipunguze kitu. Tumepunguza moto wa uji tu, kwa huruma. Lakini tukimwacha Bwana Amiri nje ya kasiki, tutakuwa tumempunguza yeye, na vita havitaanza."

"Uongo!" Amiri akaruka. "Mimi nilikuwa kichochoroni, upanga mkononi! Maulana, wamsikiliza punguani?"

"Kweli mimi punguani, bwana. Pengine nimesahau. Basi na tuwaulize hawa."

Akawaonyesha paka. Walikuwa wamejaa miguuni pa Amiri, wengine wameliparamia joho, wanalamba. Sultani akainama, akalishika pindo la joho, akalinusa. Akalinusa tena.

"Amiri, damu ya maharamia hunukia samli?"

Amiri akalivuta joho lake. Mgeni mmoja akajitia kukohoa.

"Ingia, Fumo. Wageni wanangoja vita," akasema Sultani.

Basi akaingia. Lakini karamu za ushujaa zilikuwa zimemnenepesha, hata ikabidi Bi Mwanaache amsukume kwa mwiko. Vita vikaanza: uji ukamwagika kutoka kila paa, maharamia wakateleza, wakapiga mayowe ya mama yangu nakufa, wakakimbia ndevu zimewatoka, na wageni wakarukiwa uji kwenye kanzu zao wakashangilia vivyo hivyo. Hata adui wa mwisho alipotoweka, Mize akainua mkono. Watu wakanyamaza kimya.

Ndani ya kasiki Amiri akasikiza. Hakusikia kicheko wala kikohozi, akadhani Sultani na wageni wameondoka. Sauti yake ikatoka kama ya mtu kisimani:

"Wamekwenda?"

Mize akainamisha kichwa mbele ya Sultani. "Ndivyo alivyosema siku ile, Maulana. Neno kwa neno."

Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka. Kasiki likavunjwa ndipo mtu akatoka, na kamba za mafundi zikatumika kuwapimia wajane wenyewe uwanja wao, na upana ukazidishwa. Joho likafuliwa, akalifua Fumo mwenyewe. Na tangu siku hiyo, atakaye habari za vita vya Uzinga huanza kuuliza jikoni.