Punje ya Karanga na Walimu wa Simu

Hapo zamani, tena si ya mababu, zamani ya juzi tu, alikuwako mama kijana, Mwanjaa. Mwanawe wa kwanza, Rukia, ndiyo kwanza anatambaa, na kila akiokotacho hutia mdomoni. Basi Mwanjaa kutwa roho mkononi.

Wanawake watatu waliomzunguka walijifunza huduma ya kwanza kwenye simu, kila mmoja na njia yake. Wifi yake, Sikudhani, alitazama video huku akisonga ugali. Mama mkwe, Bi Kidawa, alijibu maswali ya meseji kila asubuhi. Akikosa, analetewa swali lile lile tena. Jirani, Mashavu, aliingia darasa la moja kwa moja, mwalimu anamwona kwenye kamera akipigapiga mto, eti ndiyo mtoto.

"Shoga, leo mto, kesho godoro?" walimcheka.

Siku moja wote wanne wanamenya karanga, Rukia akaokota punje. Mara kimya. Hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi! Mwanjaa akapiga yowe, kidole hicho kinakwenda mdomoni mwa mtoto.

"Toa kidole!" Bi Kidawa akamdaka mkono. "Utaisukuma ndani! Swali hilo lilinishinda mara mbili, silisahau mpaka kufa."

Sikudhani akamnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, vile vile alivyoona. Akampiga mgongoni. Wapi!

"Unambembeleza alale?" Mashavu akaruka. "Mwalimu alinigombeza kwa hivyo hivyo! Mshike, usimgeuze!" Akapiga kwa kiganja, katikati ya mabega, kwa nguvu, akapiga tena, akapiga tena. Punje ikaruka mkekani.

Rukia akalia. Jamani, kilio kitamu kile! Mwanjaa akacheka, akalia, akacheka, kanga imemvuka hana habari.

Sasa, desturi ya nyumba ile, mtoto akinusurika hupewa jina la nyumbani la aliyemnusuru. Jina moja tu.

"Bila mimi punje ingezama," akasema Bi Kidawa.

"Bila mimi mngempiga kichwa juu," akasema Sikudhani.

"Na bila mimi," akasema Mashavu, "mngekuwa bado mnambembeleza."

Mwanjaa akawatazama, mtoto kamkumbatia hataki kumwachia. Kesho naye anaanza kujifunza, kaapa, na bando lake latosha njia moja.

Haya, mnaonisikiliza: Rukia aitwe nani nyumbani? Na mamaye ashike njia ya nani?