Kopo la Yaani

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi na sungura kuitana shemeji, ni hii ya karibuni tu, simu zilikuwa zimekwisha kujua kusema, lakini vijana waliozitengenezea programu walikuwa hawajui. Kijana angeweza kukaa na kompyuta yake kutwa nzima wakielewana vizuri. Mpe watu kumi wamtazame, anaanza kujikuna shingo.

Ndipo Mwalimu Tusekile akafungua mafunzo ya kuzungumza mbele ya watu, mjini Singida, kwenye ukumbi wa maktaba, kila Jumamosi kwa wiki kumi. Wakaja wanafunzi, wakaja na vijana wa kompyuta. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Siku ya kwanza aliweka mezani kopo tupu la maziwa ya unga, akagawa vizibo vya soda, kila mtu kiganja kimoja. Akawaambia kuna neno moja linaloharibu hotuba za vijana wote wa siku hizi, na neno hilo ni "yaani". Mtu akilisema, wasikilizaji warushe kizibo kwenye kopo. Na siku ya mwisho, atakayepitisha vizibo ishirini hapati cheti.

Wa kwanza kusimama alikuwa Elisante, fundi wa programu, kijana mrefu mwenye haya.

"Jina langu ni, yaani, Elisante," akasema.

Ting.

Mwalimu akamwuliza kama jina lake nalo linahitaji ufafanuzi. Elisante akageukia ukutani, kwenye picha za projekta, akauhutubia ukuta. Ting, ting, ting. Kabla hajafika kwenye kazi anayofanya, vizibo vya watu viliisha, ikabidi kopo limwagwe waanze upya. Kwa wiki kumi alizungumza vivyo hivyo, mpaka wenzake wakawa wanakijua kisogo chake kuliko uso.

Lakini programu yake ilikuwa nzuri. Mama yake alipoteza kuku arobaini kwa wiki moja, ugonjwa wa kideri ulipoingia bandani, kwa sababu tu siku ya chanjo ilimpita akiwa shambani. Elisante akakaa miaka miwili akitengeneza programu ya kuwakumbusha wafugaji siku ya kuchanja.

Wa pili alikuwa Mwajabu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni. Mwajabu alisimama wima, akatazama watu, akatabasamu mahali pa kutabasamu. Kopo halikulia hata mara moja, si siku ile, si wiki zote kumi. Wenzake walimtania kwamba hata akiumwa na nyuki atasema, "Ndugu mdudu, kitendo chako hakikubaliki." Kuku yeye aliwafahamu kwenye sahani tu.

Wa tatu alikuwa Siwema. Kwenye fomu ya kujiunga palikuwa na sehemu ya kujaza kiwango cha elimu, naye akaandika, "Naendelea." Ukweli ni kwamba aliacha shule kidato cha pili, bibi yake alipougua, na alichokuwa anaendelea nacho ni kuku wa bibi. Kazi yake nyingine kijijini ilikuwa kuwasomea watu meseji. Mtu anakuja na simu, Siwema anasoma, mtu anauliza, "Yaani?" Naye anaeleza. Kila siku ndivyo ilivyokuwa, yaani kwa yaani, mpaka neno likaota kwenye ulimi wake. Jumamosi moja alirushiwa vizibo kumi na saba kwa dakika tatu, akaviokota mwenyewe, akamwomba Mwalimu radhi, na Jumamosi iliyofuata akarushiwa kumi na tisa.

Mwalimu aliwapanga watatu hawa kundi moja. Elisante afanye programu iende, Siwema aandike hotuba, Mwajabu aiseme. Siwema akaandika. Mwajabu akaisoma, akaisafisha. Palipoandikwa "kuwahi" akaweka "wakati stahiki". Palipoandikwa "meseji" akaweka "arifa". Siwema alipoiona tena hotuba yake hakuitambua, kama mtu aliyepeleka mtoto saluni akarudishiwa bibi harusi.

Wiki ya kumi ikafika. Mgeni wa siku hiyo, Bwana Mligo, alitoka Dodoma, kwenye kampuni moja ya programu. Alileta kiti kimoja. Si kiti cha kubeba. Ni nafasi ya mtu mmoja kujifunza kazi kwao mwaka mzima, chakula na malazi juu yao. Waamuzi walikuwa kina mama thelathini na mmoja wafugaji wa kuku, na mwenyekiti wao aliitwa Bibi Mwanahawa. Kundi litakaloinuliwa mikono mingi zaidi ndilo litakalotoa mtu wa kukaa kwenye kiti.

Na kila mmoja wa watatu wale alikitaka. Elisante alikitaka kwa sababu amejifunza peke yake, na kuna mambo ya programu yaliyomshinda. Mwajabu alikitaka kwa sababu bila mwaka wa mafunzo ya vitendo hamalizi chuo, na barua zote alizoandika hazikujibiwa. Siwema alikitaka kwa sababu tangu daftari lake la kidato cha pili lifungwe, huo ulikuwa mlango wa kwanza kuuona uko wazi, naye akijua hakuna wa pili.

Makundi mengine yakasema, yakainuliwa mikono mitano, mikono tisa. Akasimama Mwajabu.

"Mfumo huu wa kidijitali unamwezesha mfugaji kupokea arifa za chanjo kwa wakati stahiki," alianza, na akaendelea hivyo mpaka mwisho, bila kukohoa, bila kukosea. Kopo lilikaa kimya kama limefunikwa. Wanafunzi wakapiga makofi. Kina mama wakapiga pia, kwa adabu.

Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili, na mmoja ulikuwa wa mama aliyetaka kuuliza choo kiko wapi.

Bibi Mwanahawa akajikohoza. "Mjukuu wangu," akamwambia Mwajabu, "umesema vizuri sana. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akisema vizuri hivyo. Sasa, umesema nini?"

Mwajabu akarudia, vizuri zaidi. Kina mama wakatazamana. Bwana Mligo akafungua kalamu yake aandike mbili.

Siwema akasimama. Hakuitwa, alisimama tu, akasema, "Yaani simu yako itakukumbusha siku ya kuchanja, kabla kideri hakijapiga hodi bandani."

Ting. Vijana walirusha kwa mazoea.

Mwajabu akamtazama Siwema, Siwema akamtazama Mwajabu. Hawakuwa wamepanga. Mwajabu akarudi mwanzo wa hotuba, sentensi moja moja, akingoja.

"Taarifa huchakatwa kulingana na umri wa kundi."

"Yaani unaiambia vifaranga wametotolewa lini, yenyewe inahesabu siku. Wewe nenda shambani."

Ting, ting. Kina mama wakacheka. Wakadhani ndiyo namna ya mjini ya kupongeza, wakaomba nao vizibo, wakawa wanarusha. Mama mmoja alikosa shabaha akampiga Bwana Mligo kwenye tai.

"Na ujumbe," akasema Mwajabu, "huwasilishwa kwa lugha rafiki kwa mtumiaji."

Hapo Siwema akamwona Bibi Mwanahawa akiigeuzageuza simu yake, kidole kikitangatanga juu ya maandishi. Alikijua kile kidole. Ndicho kidole cha watu wote waliokuwa wakimletea simu awasomee.

"Yaani haitaandika," akasema. "Itasema. Itakuita kwa sauti, uisikie hata ukiwa jikoni."

Elisante alikuwa mbele ameuelekea ukuta, akibadilisha picha za projekta. Kwa mara ya kwanza katika wiki kumi aligeuka, akawatazama watu. Alikuwa na uso mzuri tu, lakini umepauka. Programu yake ilikuwa ikiandika. Kusema haikuwa ikisema.

Mikono ikainuka, yote thelathini na mmoja. Bibi Mwanahawa akauinua wake wa mwisho, akaongeza kwamba baada ya Jumamosi tatu atarudi hapo na simu yake. Isiposema, mkono wake anaushusha, na ya wenzake anaishusha. Bwana Mligo akakubali kungoja.

Walipotoka nje Elisante alimfuata Siwema.

"Umewaahidi kitu ambacho sina."

"Hukuwa nacho, kaka. Wao walikuwa wanakihitaji."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo mpaka Jumamosi ya tatu," Siwema akasema. "Ukikitengeneza utakuwa ukweli."

Elisante akanuna siku mbili, siku ya tatu akaanza kazi. Wiki mbili nzima programu ilimkatalia, na mara mbili alimpigia Mwalimu simu kusema ameacha. Wiki ya mwisho ikakubali. Ikabaki sauti ya kurekodi. Elisante akajaribu yake, simu ikasema, "Mama, yaani, hii ni, yaani, chanjo." Siwema akajaribu yake, simu ikatoka na sauti ya mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Wakaenda kumwomba Mwajabu. Mwajabu akasema atakuja, na akaja na karatasi yake. Siwema akampa nyingine, yenye maneno ya nyumbani. Mwajabu akaisoma, akashusha pumzi, akauliza kama hawezi kuweka "stahiki" hata moja. Wakamwambia hata moja.

Jumamosi ya tatu kina mama wakajaa ukumbini. Bibi Mwanahawa akaiweka simu yake mezani kando ya kopo, akaketi, akakunja mikono. Elisante akabonyeza kompyuta. Simu ikalia, Bibi akaipokea, na ukumbi wote ukaisikia sauti safi ya Mwajabu:

"Shikamoo, Bibi. Kesho ni siku ya kuchanja kuku. Yaani asubuhi usiwafungulie, mpaka mchanjaji afike awatie tone la jichoni."

"Marahaba," Bibi Mwanahawa akaijibu simu. Kisha akafungua fundo la khanga yake, akatoa kizibo alichokihifadhi tangu siku ile, akakirusha.

Ting. Kilikuwa kizibo cha kwanza cha Mwajabu.

Mkono haukushuka hata mmoja. Bwana Mligo akasema, haya, kundi ni hili, sasa nipeni mtu. Mwalimu Tusekile akawaambia watatu wale kila mmoja aseme mwenyewe kwa nini kiti ni chake, maana kama mafunzo hayakuwasaidia leo, hayakuwasaidia.

Elisante akasimama, akautazama ukuta, akakumbuka, akageuka. "Bila programu, hawa dada zangu wangekuwa wanahutubia kopo," akasema. "Kuku waliokufa ni wa mama yangu. Miaka miwili ni yangu. Na ahadi ya Siwema nimeilipa mimi." Hakusema yaani hata moja. Watu walivishika vizibo hewani, wakavirudisha mfukoni.

Mwajabu akasimama. "Kopo halijawahi kulia kwa ajili yangu mpaka leo, na leo nimelikubali kwa hiari yangu. Siwema aliponidakia sentensi ningeweza kukasirika. Nilimngojea. Na sauti itakayowaamsha kina mama hawa kila msimu wa kideri ni yangu, wala si mimi nitakayekuwa nimeamka." Watu wakacheka, naye akangoja wamalize kucheka, kama alivyofundishwa.

Siwema akasimama. Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Mimi sikutengeneza kitu," akasema. "Nilisema tu. Lakini kabla sijasema mikono ilikuwa miwili. Yaani," ting, "mmoja, mwingine ulikuwa wa choo."

"Na ulisema uongo," Elisante akamkumbusha.

"Nilisema uongo. Ndio maana leo Bibi amejibu marahaba."

Bwana Mligo akataka kujua habari ya cheti, kwani hapeleki Dodoma mtu asiye na cheti. Wakamwaga mezani vizibo vya kundi lao vya wiki ya kumi, ambavyo Mwalimu alikuwa amevifungia kabatini. Vizibo vilikuwa thelathini na vinne, vyote vya Siwema. Lakini Bibi Mwanahawa akasimama akasema kina mama walirusha vingi kati ya hivyo, na walirusha kwa kupenda. Akasema kizibo cha kupenda hakiwezi kuhesabiwa pamoja na kizibo cha kukosoa. Wakajaribu kuvitenganisha. Vyote vilikuwa vya soda.

Basi wote wakamgeukia Mwalimu Tusekile, yeye ndiye mwenye kopo na mwenye sheria. Elisante alitazama sakafu. Mwajabu alitazama mbele. Siwema alikuwa anautazama mlango, kama mtu anayepima ni hatua ngapi. Mwalimu akaenda mbele, akasimama wima, akavuta pumzi kama alivyowafundisha, yeye ambaye wiki zote hakuwahi kukosea neno.

"Atakayekwenda Dodoma," akasema, "ni, yaani..."

Ting.

Akanyamaza hapo, na mimi nimenyamaza hapo. Sasa sema wewe unayesikiliza, ila kizibo ninacho mkononi, kwa hiyo chunga neno unaloanza nalo. Je, kiti kile kimoja kilikuwa haki ya nani: aliyeitengeneza simu ikasema, aliyeipa sauti, au aliyeisemea kabla haijajua kusema?