Mlango Mfupi wa Senkondo

Nyinyi mnaosugua mapaji ya nyuso kila mkiingia nyumba zetu, acheni kunung'unika niwaeleze. Zamani milango ya milima hii ilikuwa mirefu. Mtu aliingia na mzigo wa kuni kichwani bila kugusa kitu.

Wakati huo waliishi ndugu wawili wa tumbo moja. Mbonea, mkubwa, hakuna aliyemzidi urefu wala majivuno. Mdogo wake, Senkondo, alikuwa mpole, ila akiudhika hasahau. Walimwagilia mashamba kwa mfereji mmoja, kwa zamu. Kiangazi kimoja Mbonea aliuziba mfereji siku ya zamu ya mdogo wake, na migomba ya Senkondo ikakauka yote. Badala ya kuomba radhi akasema, "Mimi ndiye mkubwa."

Senkondo alirudi kwake akaushusha mlango hadi usawa wa kiuno, maana alijua kaka yake angekubali kufa kuliko kuinama.

Miaka ikapita, kila mmoja na lake. Kisha Naetwe, binti wa Mbonea, akachumbiwa. Kwa desturi yetu, bibi harusi hatoki nyumbani mpaka baba yake mdogo amshike mkono na kumtoa. Mbonea akatuma wajumbe, wakarudi mikono mitupu. Akaenda mwenyewe, akasimama uani kifua mbele, akafoka, "Senkondo! Toka nje tuzungumze!" Hakutoka mtu. Bwana mkubwa alikuwa akiliamuru paa la nyasi.

Aliporudi alimkuta Naetwe analia. "Baba, unadai atoke yeye," binti akasema, "kwani ni yeye aliyekukosea?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Asubuhi akaenda tena. Aliweka fimbo yake chini, akapiga magoti, akaingia akitambaa. Humo ndani, kwa mara ya kwanza, alimtazama mdogo wake kutoka chini.

"Mdogo wangu, nilikukosea. Maji yalikuwa yako."

Senkondo alimshika mabega, machozi yakimtoka. "Inuka, kaka. Binti yetu anasubiri."

Baada ya harusi Senkondo alichukua panga ili aurefushe mlango. Mbonea akamzuia. "Uache. Wangu nao nitaushusha, maana iko siku mwenye kosa utakuwa wewe."

Na tangu siku hiyo, milango ya kwetu hujengwa mifupi, na aliyemkosea nduguye hatumi mjumbe. Huenda mwenyewe, akainama, akaingia.