Mama Kifumbu na Walinzi wa Jicho

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kwa wenye kukodoa?
Na wenye kusinzia pia!

Hapo zamani za kale Mwenyezi Mungu alimjaalia Bi Hadiya, mfinyanzi, macho mawili. Nyuma ya macho hayo, katika nyumba ya mfupa isiyo na dirisha, aliketi Mfalme Ubongo. Yeye mwenyewe haoni kitu. Hungoja habari tu.

Ukutani mwa jicho walikaa walinzi. Walinzi Warefu waliujua mwanga hafifu. Walinzi Wafupi walizijua rangi, na majivuno yao, loo! Habari zote zilipita mlango mmoja mwembamba, na hapo alisimama Mama Kifumbu, azichuje kama tui. Lakini nani alimsikiliza?

Siku moja Bi Hadiya alikuwa akichimba udongo wa vyungu, mkono mmoja kwenye jembe, mmoja ukipapasa chini. Kumbe majanini kalala swila!

Mrefu mmoja wa pembeni akaona kitu kimetikisika. Akakimbilia mlangoni. Wafupi wamejazana mpaka kizingitini.

"Jani kijani! Jani kijani! Jani kijani!"

"Udongo mwekundu! Udongo mwekundu! Udongo mwekundu!"

"Jamani, nipisheni!"

"Wewe hata rangi huzijui, una habari gani?"

Mfalme akafoka gizani: "Mnanipa habari au mnanitwanga kichwa?"

Mkono ukasogea. Ukasogea. Ukasogea.

Mama Kifumbu akapiga mguu chini. "Chicha ibaki huku! Mwenye neno moja na jirani yake, kimya! Mwenye jipya, apite!"

Kijani akamtazama kijani mwenzake, akanyamaza. Mwekundu akamtazama mwekundu, akanyamaza. Ikabaki sauti moja:

"Kinatambaa!"

Habari ikaruka njiani kama cheche. Ilifika miguu juu, kichwa chini, kama zifikavyo habari zote za jicho; Mfalme akaigeuza papo hapo.

"Nyoka! Mkono, rudi!"

Mkono ukaruka. Swila akauma mpini wa jembe.

"Alhamdulillahi!" akapiga kelele Bi Hadiya. "Tafuna mti huo, mshenzi we!"

Ukuta mzima ukalipuka vigelegele, Mrefu akabebwa juu juu. Wafupi wakainamisha vichwa.

"Tumekosa, Mama. Tuliziba njia kwa kupenda kusikika."

"Mungu atusamehe sote. Haya, ondokeni mlangoni, asikae mtu tena."

Hajakaa mtu mpaka leo. Ndiyo maana kila jicho, hapo mlangoni pasipo mlinzi, lina kidoa kimoja kisichoona kitu, na jicho la pili humsitiri mwenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni, nami nimewapisha.